Falsafa, Imani na Mateso ya Binadamu: Mifano kutoka Nyanza Kusini na Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali kongwe: je, ni falsafa au ni imani inayomfaa zaidi binadamu anapokabiliwa na mateso? Mifano imetolewa katika ufuo wa Ziwa Viktoria, kaunti za Homa Bay na Migori, ambako ugonjwa, vifo vya majini na mila za maziko vimewalazimu watu kulijibu swali hili kwa vitendo. Fasihi ya Kiswahili imerejelewa ili kuonyesha jinsi watunzi walivyoikabili mada hiyo hiyo. Hoja kuu ni kwamba njia hizi mbili hujibu maswali tofauti, na kwamba madhara hutokea pale njia moja inapojitwalia swali la mwenziwe.

Utangulizi

Waswahili husema: hakuna msiba usio na mwenziwe. Ukiichunguza methali hii utaona kuwa haimtaji Mungu wala haiahidi pepo. Inachofanya ni kumwalika mfiwa alinganishe. Msiba wako umewahi kumpata mwingine, naye aliishi. Hiyo ni hoja, na faraja yake inatokana na kufikiri. Methali nyingine husema: baada ya dhiki, faraja. Hii haina hoja yoyote ndani yake. Hakuna aliyethibitisha kwamba kila dhiki hufuatwa na faraja, na wengi wamekufa wakiingojea. Nguvu yake iko katika tumaini, na asili yake iko karibu sana na mafundisho ya dini. Methali zote mbili husemwa katika matanga yale yale, pengine na mtu yule yule. Lugha yenyewe, basi, imezihifadhi njia mbili za kustahimili mateso bila kuzigombanisha.

Katika makala haya, falsafa ina maana ya juhudi ya kuyaelewa maisha kwa kutumia akili, kwa kuuliza sababu na kuzipima sababu hizo. Imani ina maana ya uhusiano wa mtu na nguvu zilizo juu yake, pamoja na sala, ibada na miiko inayoudumisha uhusiano huo. Mateso nayo ni ya aina mbili. Yapo yanayoweza kuondolewa, kama vile maradhi yenye tiba na dhuluma yenye mdhulumu anayejulikana. Yapo pia yasiyoondoleka, na mfano wake mkubwa ni mauti. Mijadala mingi kuhusu mada hii hupotoka kwa kuwa huzichanganya aina hizi mbili.

Uwanja wa mjadala

Mfano wa makala haya ni Kisegi na nchi inayolizunguka eneo hilo, yaani ufuo wa ziwa na vilima vya Nyanza Kusini. Ni nchi ya Wasuba na Waluo. Mababu wa Wasuba walivuka ziwa kutoka pande za Uganda, wakaja na lugha ya Kibantu ambayo kwa sehemu kubwa imemezwa na Kiluo. Watu wa huko ni wavuvi na wakulima. Ziwa huwapa riziki na huwapokonya watu. Dhoruba ya usiku mmoja huweza kuacha nyumba kadhaa bila baba.

Juu ya hayo, miaka ya 1990 na 2000 ilileta msiba wa aina nyingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 kuhusu afya na idadi ya watu ulionyesha kwamba takriban asilimia 15 ya watu wazima katika mkoa wa Nyanza wa wakati huo waliishi na virusi vya UKIMWI, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa karibu asilimia 7. Vijiji vya ufuoni viliumia zaidi. Kwa hiyo swali la namna ya kustahimili mateso halikuwa zoezi la darasani. Lilikuwa swali la kila Jumamosi, siku ambayo maziko hufanywa kwa wingi.

Maswali matatu ya anayeteseka

Ili kulipa swali letu mpaka, inafaa kutofautisha maswali matatu anayojiuliza mtu anapopatwa na jambo. La kwanza: limetokeaje? La pili: kwa nini limenipata mimi, na kwa nini sasa? La tatu: nifanye nini ili niendelee kuishi?

Tofauti kati ya swali la kwanza na la pili ilielezwa vizuri na mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Waazande. Ghala la nafaka huanguka na kuwaua watu waliokaa kivulini mwake. Waazande wanajua fika kwamba mchwa wamezila nguzo. Wasichoelezwa na mchwa ni kwa nini ghala lianguke saa ile ile walipokuwa chini yake watu wale. Akili ya uchunguzi hulijibu swali la mchwa na kunyamaza. Imani huendelea kusema pale akili iliponyamaza. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwenye kuuliza swali la pili si mjinga wa swali la kwanza. Profesa aliyefiwa na mwanawe huuliza vilevile.

Mkondo wa falsafa

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba falsafa ni mali ya wenye vitabu, na kwamba mwanakijiji ana mila tu. Mtu aliyeipinga dhana hiyo kwa nguvu alikuwa mwana wa Nyanza, Henry Odera Oruka, aliyezaliwa Ugenya mwaka 1944 na kufundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995. Kuanzia miaka ya 1970 Oruka aliwaendea wazee wenye hekima, akawahoji na kuyanukuu mazungumzo yao. Matokeo yalitolewa katika kitabu Sage Philosophy mwaka 1990. Oruka aliwagawa wenye hekima katika makundi mawili: wale wanaozijua mila na kuzieleza kwa ufasaha, na wale wanaozijua kisha wakazihoji. Kundi la pili ndilo alilolihesabu kuwa la wanafalsafa hasa.

Miongoni mwao alikuwa Paul Mbuya Akoko, mzee wa Kiluo. Alipoulizwa kuhusu Mungu, Mbuya alitoa hoja badala ya kukariri itikadi: maumbile hufuata utaratibu mmoja, mbwa huzaa mbwa wala hazai paka, kama miungu ingekuwa mingi yenye nguvu sawa, ingegombana na maumbile yangevurugika. Kwa hiyo Mungu wa Waluo na Mungu wa Wazungu ni mmoja. Mzee mwingine, Oruka Rang'inya, babake mwanafalsafa huyo, alimchukulia Mungu kama wazo la wema linalowafaa watu katika kuishi kwao. Mtu anaweza kukubaliana nao au kuwapinga. Lililo muhimu ni kwamba walikuwa wakifikiri, na walifanya hivyo katika lugha ya nyumbani kwao.

Falsafa humsaidiaje anayeteseka? Kwanza, humfundisha kupambanua. Epiktetos, Mgiriki aliyezaliwa utumwani, alifundisha kwamba kuna mambo yaliyo chini ya uwezo wetu na mengine yasiyokuwa hivyo, na kwamba kuyachanganya huleta maumivu. Pili, humwondolea mtu hofu isiyo na msingi, kwa maana humtaka aulize: nani amesema, na kwa ushahidi gani? Tatu, humpa heshima. Boethius, waziri wa Kirumi aliyengojea kuuawa gerezani mnamo mwaka 524, aliandika mazungumzo marefu kati yake na Falsafa. Alikuwa Mkristo, lakini katika kitabu hicho hakumtaja Kristo. Hiyo ni dalili kwamba hata mwenye dini anaweza kuhitaji kufikiri kabla ya kunyenyekea.

Hata hivyo, mkondo huu una upungufu wake. Hoja huhitaji utulivu, na msiba huanza kwa kuuvunja utulivu. Mama aliyepokea maiti ya mwanawe ufuoni hawezi kufarijiwa kwa kugawa mambo katika mafungu mawili. Aidha, falsafa humwacha mtu peke yake. Haina wimbo, haina siku ya arubaini, haina jirani anayekuja na kuni.

Mkondo wa imani

Imani hulitenda kile ambacho falsafa hulieleza. Katika mila za Waluo, mzee anapofariki, wanaume huswaga ng'ombe, hushika mikuki na ngao, huenda mbio na kuigiza vita ili kukifukuza kifo kitoke bomani. Ada hii huitwa tero buru. Hakuna anayedhani kwamba kifo kitaonekana kikikimbia. Lakini wafiwa waliokuwa wamekaa bila la kufanya wamepata kazi, na ghadhabu yao imepata njia ya kutokea. Hili ni jibu kwa swali la tatu, wala halikupitia katika hoja yoyote.

Mfano mzito zaidi ni kuzuka kwa kanisa la Legio Maria. Kanisa hili lilichipuka kutoka katika Ukatoliki wa Nyanza Kusini kati ya mwaka 1962 na 1963, likiongozwa na Simeo Ondeto na mwanamke kijana aliyeitwa Gaudencia Aoko. Wanahistoria wa makanisa huru wameandika kwamba Aoko alifiwa na watoto wake wawili katika siku moja. Kwa kipimo chochote, hilo ni pigo la kumwangusha mtu. Aoko hakuanguka. Alitoka akahubiri, akabatiza, akapinga uchawi na kuwataka watu wachome hirizi zao. Maelfu walimfuata, wengi wao wakiwa wanawake maskini ambao hawakuwa na sauti katika kanisa wala katika ukoo. Baadaye alitengana na Ondeto, lakini kanisa liliendelea. Ondeto alipofariki mwaka 1991 alizikwa Got Kwer, huko Migori, na mahali hapo pamekuwa pa hija hadi leo.

Kisa hiki kinafundisha jambo ambalo wanaobeza imani hulisahau. Imani haikumpa Aoko maelezo tu ya vifo vya wanawe. Ilimpa wajibu, ilimpa jamaa wapya, na iliyageuza machungu yake kuwa kazi kwa ajili ya wengine.

Pale imani inapodhuru: suala la chira

Pamoja na hayo, imani ina hatari yake, na hatari hiyo ilijidhihirisha wazi wakati wa UKIMWI. Waluo wana dhana ya chira, yaani maradhi ya kudhoofika yanayosemekana kumpata mtu, au jamaa zake, kwa sababu mwiko umevunjwa. Tiba yake ni kurekebisha kosa na kutumia mitishamba ya utakaso iitwayo manyasi. Dalili za chira zinafanana mno na za UKIMWI: mtu hukonda, huharisha, huisha nguvu. Hivyo wengi walipoanza kukonda, jibu lilikuwa tayari. Swali lililofuata halikuwa la virusi bali la hatia: nani amevunja mwiko? Mara nyingi kidole kilimwelekea mjane, hasa yule aliyekataa kurithiwa.

Hapa imani ilitoka katika swali la pili, lililo lake, ikaingia katika swali la kwanza, lisilo lake. Ikadai kujua jinsi ugonjwa ulivyotokea. Gharama ya kosa hilo ilikuwa kubwa: wagonjwa walichelewa kwenda hospitali, wajane walilaumiwa kwa vifo ambavyo hawakuvisababisha, na urithi wa wajane uliendelea kuyaweka maisha ya watu hatarini. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipoanza kutolewa bila malipo katika hospitali za serikali mwaka 2006, uchaguzi kati ya maelezo haya mawili ukawa uchaguzi kati ya uhai na kifo.

Ni haki kuongeza kwamba dini yenyewe ina silaha za kuipinga dhana ya kila mgonjwa kuwa mkosaji. Katika Biblia, rafiki zake Ayubu wanashikilia kwamba ameteseka kwa sababu ametenda dhambi. Kitabu kinamalizika kwa Mungu kuwakemea hao rafiki, wala si Ayubu. Katika mapokeo ya Kiislamu Ayubu ni nabii, na mateso yake ni mtihani wa subira, si adhabu. Washairi wa pwani walimtungia utenzi ambao J. W. T. Allen aliujumuisha katika mkusanyo wake Tendi wa mwaka 1971. Mhubiri anayemwambia mjane wa Kisegi kwamba amejiletea msiba anasimama upande wa rafiki za Ayubu.

Mwanafalsafa mahakamani

Mfano mwingine unaonyesha kwamba mstari kati ya pande hizi mbili haunyooki. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka azikwe karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya, kwa mujibu wa mila. Kesi iliendelea kwa miezi kadhaa, na hatimaye mwili ulizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Miongoni mwa mashahidi wa upande wa ukoo alikuwa Odera Oruka mwenyewe, aliyeeleza mila na imani za Waluo kuhusu maziko.

Wapo wanaoona kinaya katika jambo hili: mtetezi wa fikra huru kusimama kuzitolea ushahidi mila. Lakini mtu anaweza kueleza kwa akili maana ambayo ibada inayo kwa watu bila kudai kwamba akili ndiyo iliyoizaa. Aidha, kesi hiyo inakumbusha kwamba faraja ya upande mmoja huweza kuwa jeraha la upande wa pili. Ukoo ulipata maziko uliyoyataka, mjane hakuhudhuria. Anayeuliza ni njia ipi inayofariji hana budi aulize pia: inamfariji nani?

Fasihi ya Kiswahili kama shahidi

Fasihi ya Kiswahili imelishughulikia suala hili tangu zamani. Mwana Kupona, alipokuwa mgonjwa mnamo mwaka 1858, alimtungia bintiye utenzi ambamo wosia wa maisha ya ndoa unafuatwa na dua ndefu. Mgonjwa huyo hakuhoji kwa nini augue. Aliuliza nini kifanyike kwa siku zilizosalia, akamtunza mwanawe kwa maneno. Shaaban Robert naye alipofiwa na mkewe Amina alitunga shairi la maombolezo ambalo huzuni na dua haziachani.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inastahili kutajwa kwa namna ya pekee. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonyesha magofu ya Pate na kuuhoji. Utunzi huu ni wa kidini, lakini mbinu yake ni ya kifalsafa: unatoa ushahidi, unalinganisha jana na leo, unadai hitimisho. Hapa falsafa na imani hazikai katika vyumba viwili.

Upande wa pili yuko Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, katika ziwa hili hili, na kufariki mwaka 2020. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto ni msomi aliyepoteza imani ya wazazi wake na ambaye falsafa aliyoipata haikumpa pa kusimama. Anaishia kujiua. Wasomaji wengi huichukua riwaya hii kuwa ushahidi dhidi ya falsafa. Usomaji huo una haraka. Kazimoto haangamizwi na kufikiri. Anaangamizwa na kufikiri peke yake. Hana mwenzi wa kumweleza, hana ada ya kutenda, hana kundi linalomngojea. Kilichokosekana si jibu tu, bali pia mlango wa kugonga. Kama angekuwa na mzee wa aina ya Mbuya wa kubishana naye jioni, pengine riwaya ingekuwa na mwisho mwingine.

Ulinganisho

Kutokana na mifano hii, vipimo vitatu vinaweza kupendekezwa. Kipimo cha kwanza ni ukweli: je, njia inayomfariji mtu inamficha sababu ya mateso yanayoweza kuondolewa? Hapa falsafa, pamoja na sayansi iliyotokana nayo, ina haki ya kutangulia. Mwenye homa apimwe kwanza. Sala haizuiwi na kipimo. Waswahili wenyewe walisema kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio, yaani wajibu wa kukinga hutangulia wajibu wa kulia.

Kipimo cha pili ni ujamaa: je, njia hiyo inamwacha mtu peke yake au inamletea watu? Hapa imani imeishinda falsafa kwa mbali. Mtu huweza kupokea fikra ya Epiktetos chumbani mwake, lakini Epiktetos hatakuja kumchimbia kaburi. Hata wenye kutilia shaka mafundisho ya kanisa huimba katika matanga, na si unafiki. Wanaimba kwa ajili ya aliyekaa mkekani.

Kipimo cha tatu ni lawama: je, njia hiyo inamwongezea anayeteseka mzigo wa hatia? Hapa njia zote mbili zimekosa. Imani imekosa kupitia chira na mahubiri ya adhabu. Falsafa nayo imekosa kila ilipodai kuwa anayelia ni dhaifu wa akili, kana kwamba machozi ni kosa la mantiki.

Hitimisho

Swali la ipi bora lina jibu, ingawa si jibu moja. Kwa mateso yanayoondoleka, kufikiri kuwe mbele na imani itie nguvu nyuma yake. Kwa mateso yasiyoondoleka, imani na ibada ziwe mbele, na kufikiri kubaki mlangoni kulinda ili pasiingie lawama isiyo na haki. Vijiji vya ufuo wa ziwa vililipa gharama kubwa kwa kugeuza utaratibu huu.

Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi hapa. Oruka aliwahoji wazee ambao sasa wamefariki. Kiswahili kinafundishwa katika kila shule ya Homa Bay na Migori, ilhali Kisuba kinazidi kupoteza wasemaji, na pamoja nacho nyimbo za matanga, methali za kufariji na maneno ambayo wafiwa waliambiana kwa vizazi. Maneno hayo yakusanywe, yafasiriwe kwa Kiswahili na kuhojiwa kama Oruka alivyohoji, yaani kwa heshima na bila woga. Yatakapokuwa yamekusanywa, mjadala wa falsafa na imani utaweza kuendelea kwa kuwasikiliza walioteseka wenyewe, badala ya kusema kwa niaba yao.